Acheni kusingizia injini, mbinu mnachagua kwa jina na kikosi hamkiangalii

Wadau wa ligi ya Nairobi katika mchezo huu wa mtandaoni wa kuongoza timu ya mpira wa kikapu, hii sasa imezidi. Kila baada ya mechi za Jumamosi ukumbi wa majadiliano unajaa nyuzi za aina moja: nimeibiwa, injini (programu inayochezesha mechi) imeharibika, timu ya mkiani imenifunga. Ukifungua takwimu za mechi yenyewe unakuta meneja ana mapivoti (warefu wa chini ya kikapu) wawili wazito, magadi (wachezaji wa nje wanaoongoza mpira) wasiojua kutupa mpira kutoka mbali, na ameamuru shambulizi la mbio na mitupo ya mbali. Hakuna aliyemwibia. Wachezaji wamefanya walichoagizwa mwanzo hadi mwisho. Wageni wanaojiunga wakisoma malalamiko hayo wanaamini mchezo huu ni bahati nasibu, wanaacha timu, na ligi inabaki na timu za roboti zinazoendeshwa na kompyuta.

Tufanye hesabu, maana hesabu ndiyo inayokwepwa. Chukua mechi iliyoisha 108 kwa 101. Timu iliyoshindwa ilitupa mara 82 na kufunga vikapu 38. Kati ya mitupo hiyo, 29 ilikuwa ya pointi tatu na iliyoingia ni 7 tu, yaani asilimia 24. Mingine 53 ilikuwa ya pointi mbili na ikaingia 31, asilimia 58. Ongeza mitupo huru (ya adhabu ya faulo, pointi moja moja) 18 iliyoingia kati ya 25, unapata 101. Sasa pima thamani ya kila mtupo: wa mbali ulileta wastani wa pointi 0.72, wa ndani 1.17. Kila mara gadi alipotupa kutoka mbali badala ya kuingiza mpira ndani, timu ilikuwa inapoteza karibu nusu pointi. Utasema ukilazimisha mpira ndani asilimia itashuka, na ni kweli itashuka, kwa sababu walinzi watajazana chini ya kikapu. Lakini hata ikishuka hadi 50, mtupo wa ndani bado unaleta pointi 1.00, na mpira wa ndani ndio unaovuta faulo. Mpaka wa kukumbuka ni huu: asilimia 33 ya pointi tatu ni sawa na asilimia 50 ya pointi mbili. Timu isiyofika 33 haina sababu ya kuwekewa mbinu ya mbali, hata kama ndiyo mnayoiona kwenye televisheni kila usiku.

Kosa la pili ni kasi, na hili ndilo linalokera zaidi kwa sababu linafanywa na timu dhaifu wanapokutana na vigogo. Idadi ya zamu za kushambulia mnaweza kuipata wenyewe: mitupo yote, jumlisha 0.44 mara mitupo huru iliyopigwa, jumlisha mipira iliyopotezwa, toa ribaundi za ushambuliaji (mipira mliyoidaka tena baada ya mtupo wenu kukosa). Kwa timu ile: 82, jumlisha 11, jumlisha 16, toa 11, ni zamu 98. Pointi 101 kwa zamu 98 ni 103 kwa kila zamu 100. Mpinzani kwa zamu hizohizo 98 alifunga 108, yaani 110 kwa kila zamu 100. Huyo ni bora kuliko wewe kwa pointi 7 katika kila zamu 100, na wewe unaamua kumwongezea zamu! Aliye bora anafaidika na kila zamu ya ziada, maana bahati hujisawazisha mashambulizi yakiwa mengi. Mnyonge anatakiwa kuweka kasi ya chini, mpira utumie sekunde 24 karibu zote, mechi iwe na zamu 84 au 85. Pengo la wastani litashuka hadi 6 tu, hilo si kubwa, lakini mitupo mitatu minne ya bahati itakuwa na uzito wa kugeuza matokeo. Wenye vikosi vikubwa ndio wanaopaswa kukimbia.

Ulinzi nao mnauweka kama mazoea. Zoni ya 2-3 (kila mlinzi analinda eneo, si mtu) inaweka wawili mbele na watatu nyuma. Inaziba njia ya ndani na inaacha wazi pembe na mabawa. Halafu meneja anaiweka dhidi ya timu inayotupa theluthi ya mitupo yake kutoka mbali na kufunga 38 kwa mia, na akilishwa pointi tatu usiku kucha anakuja kulia hapa. Zoni ya 3-2 ni kinyume chake: inawafuata watupaji wa mbali na kuacha wawili tu wapambane chini. Tazama mechi tano za mwisho za mpinzani, angalia anatupia wapi na anaingiza kiasi gani, ndipo uchague. Na kumbuka kwamba kwenye zoni yoyote hakuna mlinzi mwenye mtu wake wa kumzuia mpira unapogonga chuma, hivyo ribaundi za mpinzani zitapanda. Kama wako wana ribaundi duni, mtu kwa mtu ndiyo nafuu.

Ulinzi wa boksi na mmoja, jamani: wanne wanalinda eneo kwa umbo la boksi, mmoja anamfuata nyota wa mpinzani kila aendako. Toronto Raptors waliutumia dhidi ya Stephen Curry katika mchezo wa pili wa fainali za NBA za 2019, Klay Thompson akiwa ametoka kwa jeraha na Kevin Durant hayupo kabisa. Na bado Golden State Warriors walishinda 109 kwa 104. Huo ni ulinzi wa kumkaba mtu mmoja wakati wanne waliobaki hawaogopeshi. Hapa unawekwa dhidi ya timu zenye wafungaji watatu.

Mbinu ya ushambuliaji ya Princeton, yenye jina la chuo cha Marekani, nayo mnaipenda kwa jina. Pete Carril, aliyefundisha chuo hicho tangu 1967 hadi 1996, aliijenga juu ya subira, pasi na kukimbia nyuma ya mgongo wa mlinzi, na pivoti akisimama juu karibu na mstari wa mitupo huru kugawa mpira. Pivoti asiyejua pasi katika mfumo huo anapoteza mpira mara nne, mara tano. Kabla ya kuichagua, soma kipimo cha pasi cha wachezaji wote watano, pivoti awe wa kwanza.

Kubana uwanja mzima, yaani kumkaba mpinzani tangu chini ya kikapu chake, kunahitaji benchi. Wengi wetu tumezoea mpira wa kikapu wa ukumbi wa Nyayo hapa Nairobi, ambao ni wa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa, dakika 40. Injini hii inacheza dakika 48 za NBA. Nafasi tano mara 48 ni dakika 240, na ukiwa na wachezaji saba tu wa kuaminika kila mmoja anabeba zaidi ya 34 akikimbia nyuma ya mpira. Robo ya nne pumzi imekwisha, faulo zimejaa. Wachezaji tisa wazuri ndio mwanzo wa kufikiria mbinu hiyo. Pia acheni kumpanga mtu mmoja aanze kama pivoti halafu mkamweka tena kuwa akiba ya fowadi mkubwa. Huyo hapumziki, na uchovu wake unaingia katika mechi inayofuata.

Watengenezaji wana lawama yao. Ukurasa wa maelekezo unaeleza kila mbinu kwa sentensi moja, na saa ya mwisho ya kutuma kikosi inaonyeshwa kwa saa ya Ulaya ya Kati pekee. Mechi ya 20:00 kwa seva ni saa nne usiku kwetu wakati wa baridi yao, lakini kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba ni saa tatu usiku. Sisi hatusogezi saa. Kila Aprili kuna timu za Nairobi zinazoingia uwanjani na amri za wiki iliyopita kwa sababu ya jambo hili, na limeripotiwa bila kushughulikiwa. Kocha wa Nyayo akikosea anaomba taimauti. Humu mpira ukirushwa hakuna kubadilisha kitu, kwa hiyo waweke saa ya kila nchi kwenye ukurasa wa kikosi, hilo si ombi kubwa.

Ila saa na sentensi fupi haziwafanyi magadi wenu watupe asilimia 24 kutoka mbali mara 29. Anayebisha abandike jedwali zima la timu zote mbili hapa chini, pamoja na mbinu na kasi aliyoweka. Picha ya matokeo peke yake haitajibiwa.