Mbwa wameniulia mbuzi watatu mchana kweupe: uzio, punda au mbwa wa ulinzi?

Mfugaji_Rongai

Wakulima wenzangu, hamjambo. Jumapili tulitoka kanisani tukakuta mbuzi watatu wamelala kando ya mahindi, makalio na mbavu zimeraruliwa, na nyama iliyoliwa haizidi konzi moja. Wa nne alikuwa na mimba ya miezi minne. Alisimama mpaka Jumanne, akaitupa. Nilikuwa nao kumi na saba, chotara wa Toggenburg, wote wa maziwa. Jirani wa ng'ambo ya barabara anasema aliona mbwa wanne au watano wakitoka upande wetu wakihema.

Usiku sina wasiwasi. Banda limeinuliwa, sakafu ni ya mbao, kuta ni mabati. Shida ni mchana wakiwa kwenye nusu eka ya malisho. Uzio wa pale ni seng'enge nyuzi nne, mbwa anaupita kama mtu anayeingia kwake. Nimeshauriwa kila kitu: cheni-linki (wavu wa waya), waya wa stima, mbwa mkali, punda, na mzee mmoja akaninong'oneza habari za sumu. Nina elfu sitini. Nani amejaribu nini, na kilimfaa vipi?

Fundi_Njoro

Pole sana ndugu. Piga hesabu ya mzunguko kwanza, maana hapo ndipo watu huumia. Nusu eka ya mraba ina upande wa mita 45 hivi, kwa hiyo mzunguko ni mita 180. Rola ya cheni-linki ina mita 18: unahitaji kumi. Nguzo moja kila mita tatu: sitini. Mara ya mwisho nilipomnunulia mteja rola ya futi sita nililipa 5,800. Waya peke yake umemeza 58,000 na bado hujagusa nguzo, misumari wala jasho la fundi.

Kwa hivyo zungushia robo eka tu. Hiyo ni mita 127 hivi, yaani rola saba pamoja na lango. Robo iliyobaki panda nepia uwakatie.

Sasa kuna jambo ambalo mafundi hatupendi kulitaja kwa sababu linaongeza kazi. Mbwa akikutana na uzio wa futi sita haangalii juu, anaangalia chini. Chukua waya wa upana wa sentimita 60, ulaze ardhini upande wa nje, ufunge kwenye uzio wenyewe, upange mawe juu. Baada ya mvua moja nyasi zitaufunika. Mbwa huchimba pale pua yake inapogusa uzio. Akikuta waya chini ya makucha, hajui kurudi nyuma hatua mbili aanzie hapo. Lango nalo lisiwe na mwanya wa kupita ngumi.

Kondoo_Molo

Fundi amesema kweli kuhusu chini, lakini robo eka kwa mbuzi kumi na wanne ni kiwanja cha gereza. Mimi nina kondoo arobaini wa Corriedale na waya wa stima wa sola tangu 2021. Tangu hapo sijapoteza hata mmoja kwa mbwa. Mbwa hupima kila kitu kwa pua, na pua yake ni mbichi. Akipigwa na volti elfu sita puani mara moja, hiyo njia anaihama.

Kwa pesa yako usijenge upya. Acha seng'enge ilivyo, kisha upitishe waya laini nje yake kwa vishikizo vya plastiki: mmoja sentimita 20 kutoka ardhini, wa pili usawa wa goti. Usiitie stima seng'enge yenyewe, kwa sababu mtoto akinasa kwenye miiba hawezi kujinasua. Na nisisikie mtu ameunganisha na stima ya nyumba moja kwa moja. Huo si uzio, ni kesi ya mauaji. Nunua mashine yake, ile inayopiga pigo moja kila sekunde.

Ubaya wake nao niutaje. Nyasi zikigusa waya wa chini zinanyonya nguvu yote, kwa hiyo kila wiki mbili niko na panga. Januari udongo ukikauka athi, yaani vyuma vya mashine vilivyochomekwa ardhini, haishiki, nabeba ndoo za maji kumwagilia vile vyuma kama ninamwagilia sukuma. Radi ya huku iliniunguzia mashine ya kwanza. Betri ya pili ikaibwa. Sufu pia huzuia shoti, ndiyo maana kondoo wangu nilianza kuwafundisha wakiwa wametoka kukatwa manyoya. Mbuzi wako hawana shida hiyo. Shida yao ni akili: wakisikia ule mlio umekatika, saa hiyo hiyo wako kwenye mahindi ya jirani.

Mkulima_Chwele

Punda. Nilikuwa na jike mmoja miaka mitatu huku Bungoma na nitakwambia ukweli wote. Punda hampendi mbwa tangu kuzaliwa, hafundishwi hilo. Akimwona anapiga kelele, anamfukuza masikio yamelala, anapiga teke la mbele na la nyuma, na anauma. Mbwa mmoja au wawili, anawaweza. Kundi la watano kama lako litamzunguka.

Masharti: awe jike au dume aliyehasiwa, maana dume mzima humpanda mbuzi mpaka amvunje mgongo. Awe mmoja tu. Ukiweka wawili watakaa pamoja wakiteta na mbuzi watawasahau. Mpe mwezi mzima wa kuzoeana na mbuzi, kwanza akiwa upande wa pili wa uzio. Mbuzi akikaribia kuzaa mtenge, wangu alimkanyaga mwanambuzi akidhani ni mgeni. Na asile chakula cha kuku: vingi vina dawa ya kuhara damu ambayo punda inamuua moyo.

Kwa nini nasema "nilikuwa naye"? Kwa sababu aliibwa. Tangu biashara ya ngozi ya punda iingie nchini, punda si mnyama wa kuacha malishoni peke yake. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji wake Februari 2020, lakini mwizi hasomi gazeti la serikali. Asubuhi moja nilikuta kichwa na kwato.

Mama_Subukia

Mbwa wa ulinzi hufaa, ila si yule mkali mnayemfikiria. Mkali wa getini ukimpeleka malishoni atakuwa wa kwanza kuuma mbuzi. Anayefaa ni yule aliyelala na mbuzi tangu akiwa na wiki nane, akala hapo, akanusa hapo, mpaka anajiona mbuzi. Kule Namibia shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa Kianatolia tangu 1994, na wamesaidia sana dhidi ya duma na bweha. Mimi nilifanya hivyo hivyo na mtoto wa mbwa wa kienyeji.

Ila jueni mwaka wa kwanza ni wa machozi. Akiwa na miezi minane anataka kucheza, na mchezo wake ni kumkimbiza mwanambuzi na kumng'ata sikio. Usimwamini peke yake kabla ya mwaka na nusu. Mfugaji, wewe unataka jibu la mwezi huu. Hili si la mwezi huu.

Kijana_MauNarok

Swali la kando, msinicheke. Nani anajua pa kupata alpaka, wale wanyama wa sufu wa jamii ya ngamia? Naona baridi ya Mau Narok inawafaa, na nimesikia wanalinda kondoo.

Mkenya_Victoria

Sicheki, nafanya kazi nao huku Australia. Alpaka asili yake ni milima ya Peru na Bolivia, baridi haimtishi. Anayemtisha ni mbwa. Huku wafugaji huweka alpaka dume waliohasiwa pamoja na kondoo wanaozaa ili wafukuze mbweha asiibe wanakondoo. Mbweha wa huku ana kilo sita au saba, alpaka ana sitini, anamkanyaga vizuri tu. Wakija mbwa wawili wakubwa alpaka mwenyewe ndiye kitoweo. Anayemudu mbwa kidogo ni binamu yake, lama, mwenye uzito karibu mara mbili ya huo au zaidi, na yeye pia kundi likimzidi anakimbia.

Kwa hiyo alpaka wetu tunawalinda sisi: wavu wa matundu madogo futi tano, na waya wa stima upande wa nje, maana hawa wamevaa blanketi, wakiwa ndani shoti hawaisikii. Nchi hii ina uzio wa dingo wa zaidi ya kilomita 5,600, na bado kila juma nasikia mfugaji analia. Mara nyingi si dingo. Ni mbwa wa nyumba ya tatu.

Nyar_Ahero

Asante kwa kulisema. Nyote mnaongea kama mbwa hawa wametoka msituni. Mbwa wana wenyewe! Huku kwetu boma zimezungushiwa ojuok, ule mti wa utomvu mweupe usio na miiba, watu wanaona ni uzio, lakini ojuok huzuia macho tu, chini mbwa anapita akitembea. Kayaba, ule mti wa miiba mirefu, ndiyo kinga, ukiipanda mistari miwili na kuikata kila mara, ila subiri miaka mitatu minne. Wakati unasubiri, nenda kwa majirani. Mbwa wa mchana ni yule ambaye mwenyewe amekwenda kazini, hajamlisha wala kumfunga.

Mtu_wa_Gilgil

Weka taa za kumetameta. Yule kijana wa Kitengela, Richard Turere, alizuia simba kwa taa hizo.

Kondoo_Molo

Simba, usiku. Mbwa amezaliwa chini ya balbu ya jikoni.

Mzee_Bahati

Mnazunguka tu. Dawa kidogo kwenye matumbo, siku mbili mtaa mzima umetulia.

Veti_Kakamega

Mzee wangu, kwa heshima zote, hapana. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, sura ya 360, inakuhesabu mhalifu, na sumu haichagui. Kabofurani, dawa ya kuua wadudu wa mimea, iliua simba na tai nchini hadi mtengenezaji akaiondoa sokoni mwaka 2009. Mbwa akifia kwenye mfereji ambao mjukuu wako anachota maji, utamwambia nini mama yake?

Mfugaji, wenzangu wamekimbilia uzio, mimi naanza na waliobaki hai. Jino la mbwa hutoboa kisha huvuta, kwa hiyo tundu dogo la nje lina mfuko mkubwa chini ya ngozi. Vaa glavu, nyoa manyoya, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, usishone, mwite daktari aliye karibu awape antibayotiki. Aliyewashika mikono mitupu akiwa na mkwaruzo aende hospitali leo aeleze habari ya kichaa cha mbwa. Mbuzi anaweza kukaa wiki au miezi kabla ya dalili. Ukiona mmoja analia bila kukoma, anatokwa mate, anagonga ukuta, mtenge. Maziwa yake yasinywewe, naye asichinjwe.

Hawa kweli ni mbwa, siyo fisi. Fisi angebeba, chui angeshika koo akaburuta hadi kichakani. Kuuma nyuma, kuua watatu na kuondoka ni mchezo wa mbwa walioshiba.

Swali la mwisho, usinikasirikie. Una mbwa? Jumapili alikuwa wapi?

Mfugaji_Rongai

Nyama tuliizika yote, daktari. Mbwa ninaye, anaitwa Simba, mchana hufungwa.

Mfugaji_Rongai

Nimerudi baada ya siku tisa. Daktari, lile swali lako lilininyima usingizi. Nilimuuliza kijana wangu taratibu, akakiri kwamba Jumapili alimfungulia Simba kabla ya kwenda kanisani "anyooshe miguu". Ndipo nikakumbuka Simba hakugusa ugali wake jioni ile. Mimi nilidhani ni huzuni.

Jumamosi nilijificha kwenye mahindi. Saa nne wakaja wawili kupitia mfereji. Simba akiwa kwenye mnyororo aliwatingishia mkia kama wageni wa harusi.

Mmoja nilimtambua. Nilienda kwa mwenyewe, ila nilianza na habari ya mbwa wangu kabla ya wake, na hilo lilibadilisha mazungumzo kabisa; nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nikanywa chai. Mzee wa nyumba kumi ametuita boma sita. Tumekubaliana mbwa wafungwe tangu alfajiri hadi jioni, na tumemlipa daktari aje siku moja awachanje wote.

Kuhusu pesa: nimefuata Molo. Waya laini nyuzi mbili nje ya seng'enge, na ule waya wa kulaza chini wa Fundi nimeuweka upande wa mfereji tu, wanakopitia. Elfu arobaini na moja pamoja na mashine. Kayaba nimesia mbegu kwenye vikaratasi vya miche mia mbili.

Nyar_Ahero

Na Simba?

Mfugaji_Rongai

Nimemhamishia kwa shemeji, Kampi ya Moto. Kule hakuna mbuzi, kuna kuku tu.

Mkulima_Chwele

Kuku tu?