Deni la kadi likisamehewa Marekani: ni haki mamlaka ya kodi (IRS) kudai kodi?

Mleta mada: Ndugu mlioko Marekani, tulijadili hili. Benki ikikusamehe deni la kadi ya mkopo la dola 600 au zaidi, inakuletea fomu 1099-C, ya kutaja deni lililosamehewa, na nakala inakwenda IRS. Kilichosamehewa kinahesabiwa kipato, sawa na mshahara. Mtu aliyeshindwa kuilipa benki, hiyo kodi ataitoa wapi? Naona ni dhuluma.

Mzee wa Minneapolis: Dhuluma iko wapi? Ulipokopa hukukatwa kodi kwa kuwa uliahidi kurudisha. Hukurudisha, basi pesa ni yako. Mahakama ya Juu iliamua hivyo tangu kesi ya Kirby Lumber, 1931. Kula pesa ya watu halafu kulilia kodi ni wizi.

Binti Pangani: Mwizi nani? Pima maneno, mzee. Deni la kadi lililolala miaka miwili, nusu yake huenda ni riba na faini. Tazama kisanduku cha 3 cha hiyo fomu: riba iliyojumuishwa inaandikwa hapo. Pesa ambayo mkono haujaishika unaitwa umeila?

Mzee wa Minneapolis: Riba uliitilia saini.

Abu Swaleh: Mzee, riba usiitetee hapa. Anayekula na anayelisha wote wamo.

Binti Pangani: Kwa hiyo na mimi nimo? Sikuomba fatwa, nimejibu kuitwa mwizi.

Karani wa Kodi: Mnagombana na fomu 982, ya kuomba kodi hiyo isikatwe, hamjaitaja. Ukiwa umezidiwa na madeni, yaani madeni yamepita mali, pengo hilo halikatwi kodi. Unapima hali ilivyokuwa punde kabla ya kusamehewa. Tuseme gari la 6,000, benki 4,500, akiba ya uzeeni kazini, yaani 401(k), 3,500: mali 14,000. Madeni: kadi 11,000, mkopo wa gari 6,000, hospitali 2,000: jumla 19,000. Pengo 5,000. Mmepatana na benki ulipe 4,000, wamesamehe 7,000. Unatia alama mstari wa 1b, unaandika 5,000 mstari wa 2. Zinazobaki 2,000 ndizo zinazoingia kwenye kipato. Kwa aliye ngazi ya asilimia 12 ni dola 240. Wanaoumia ni wanaoitupa 1099-C kapuni. IRS wanayo nakala, barua ya CP2000, ya kukudai kipato ambacho hukukitaja, itakuja na riba juu.

Kijana wa Columbus: Hayo yote ya nini? Kadi isipolipwa siku 180 benki inaifuta yenyewe. Imefutwa, imekwisha.

Karani wa Kodi: Hapo ndipo watu wanapotumbukia! Kufuta kwenye vitabu siyo kusamehe. Benki imeandika hasara kwenye hesabu zake tu, deni liko palepale, inaweza kuliuza kwa wakusanya madeni na wakakushtaki.

Kijana wa Columbus: Kufuta ni kufuta, Kiswahili hicho hicho.

Binti Pangani: Kiswahili chako hakitasimama mahakamani huko kwenu Ohio. Na usije ukawatumia wakusanya madeni dola 20 kuwanyamazisha. Majimbo mengi muda wa kushtaki ni miaka 3 hadi 6, na katika mengi malipo kidogo tu yanaanzisha saa upya.

Mzee wa Minneapolis: Mnaona? Sasa mnafundishana kukwepa.

Binti Pangani: Kujua sheria ndiyo kukwepa? Sheria ya 1931 uliileta wewe, ya fomu 982 inakuchoma nini?

Mleta mada: Turudini kwenye swali. Karani, hiyo 401(k) wadai hawaruhusiwi kuigusa. Iweje ihesabiwe mali?

Karani wa Kodi: Inahesabiwa. Hata kitu ambacho mdai hawezi kukichukua kinaingia upande wa mali. Wengi wanaiacha nje, pengo linaonekana kubwa, kisha IRS wanalikataa. Aliyefilisika mahakamani ndiye asiyepiga hesabu hiyo, yeye anatia alama 1a.

Mleta mada: Basi hapo ndipo dhuluma yenyewe ilipo.

Mzee wa Minneapolis: Kwa hilo la 401(k), nakuunga mkono.