Mjadala: Mdogo wangu asomee uzamiaji wa mafuta?

AruaMjini: Anataka tuuze shamba akasomee uzamiaji wa kazi, yaani ufundi wa chini ya maji, Afrika Kusini, eti mafuta yetu ya Uganda yanakuja na ajira. Mnasemaje?

Afande_Mstaafu: Ajira gani? Kwenye mradi wa mafuta wa Kingfisher, Ziwa Albert, wanachimba wakiwa nchi kavu, kisima kinapinda hadi chini ya ziwa. Mradi mwingine, Tilenga, nao uko nchi kavu, sehemu yake mbugani. Nani atalowa? Bei ya mafuta ilipoanguka 2014, hata wazamiaji wa Bahari ya Kaskazini walikosa kazi, na sasa ukaguzi mwingi unafanywa na roboti. Halafu Mganda na maji wapi na wapi? Mnakwenda ufukweni Entebbe kula sambusa, viatu mguuni.

Ngege_Jinja: Afande, chunga mdomo. Mimi nazamia vizimba vya kufugia samaki, ngege, hapa Jinja. Maji ya kijani, kiganja chako mwenyewe hukioni. Unapapasa wavu kwa vidole kutafuta tundu, samaki waliokufa unawazoa kwenye gunia. Sambusa nimekula saa ngapi?

Tanga_Raha: Mafuta yenu yatakuja kwa bomba na kupakiwa melini huku kwetu Chongoleani, Tanga. Nguzo za gati zitataka kukaguliwa, ila vijana wa Tanga nao wapo.

Afande_Mstaafu: Wa vizimba asijifananishe na wa mafuta. Wale hufungiwa kwenye chemba ya shinikizo hata siku 28, wanavuta heliamu, wanaongea kama bata. Wakifanya kazi mita 100, kupunguziwa shinikizo polepole kabla ya kutoka tu ni zaidi ya siku nne. Pesa iko huko.

Ngege_Jinja: Nani kajifananisha? Ziwa letu la Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Ukipanda juu kwa kufuata jedwali la wazamiaji wa pwani kama lilivyo, maumivu ya viungo yatakuambia. Ulilijua hilo? Jeshini ulizama wapi, kwenye karatasi?

Mama_Kisenyi: Mnasahau Harrison Okene, yule mpishi wa Nigeria, 2013. Karibu siku tatu ndani ya boti iliyozama, mita 30 chini. Wazamiaji walikwenda kutoa maiti, mkono wa mtu hai ukawashika. Baadaye naye akawa mzamiaji.

Afande_Mstaafu: Mama, huyo Mnigeria. Mimi nimesema Waganda.

Ngege_Jinja: Njoo Masese Jumamosi, afande. Suti ya kuzamia nitakuazima, kama tumbo litaingia.

AruaMjini: Jamani, shamba niuze au nisiuze?

Mama_Kisenyi: Liko upande gani, mwanangu? Lina hati?