Kivukoni pana watu au kivukoni mna watu? Mjadala kuhusu neno "kwenye"

Mleta hoja (Ilemela, Mwanza):

Ndugu wasomaji, naomba tujadili neno ambalo hakuna anayemaliza siku bila kulitamka, nalo ni "kwenye". Wapo wanaotaka walimu waache kumkosoa mwanafunzi anayeliandika kila mahali, kwa sababu linaeleweka na ndilo linalosikika redioni, ofisini na mitaani. Wapo pia wanaotaka liondolewe kabisa katika maandishi rasmi na nafasi yake ishikwe na "katika" au na kiambishi "-ni". Mimi sitaki neno lipigwe marufuku. Ninachosema ni kwamba tunalitumia kwa namna inayotunyang'anya uwezo wa kutofautisha mahali, na kwamba matangazo ya umma pamoja na vitabu vya shule havina budi kurudisha matumizi kamili ya "-ni" na viambishi vyake vitatu, yaani pa-, ku- na mu-.

Kabla sijaenda mbali, niseme jambo moja ambalo huchanganywa mara nyingi. Si "kwenye" wala "-ni" inayoonyesha mwendo peke yake. Tunasema "ametoka sokoni", "amekwenda sokoni" na "yupo sokoni". Neno "sokoni" halibadiliki hata kidogo, na kitenzi ndicho kinachotuambia kama mtu anatoka, anakwenda au ametulia. Ndivyo ilivyo kwa "ametoka kwenye soko" na "amekwenda kwenye soko". Kwa hiyo anayedai kwamba moja ni la mwelekeo na lingine ni la mahali hajaligusa tatizo lenyewe. Tofauti iko katika kile kinachofuata baada ya jina, pale ambapo Kiswahili humtaka msemaji aamue: je, anazungumzia mahali maalumu panapojulikana, eneo la jumla lililo mbali au lisilo na mipaka, au ndani ya kitu?

Mfano ulio wazi kuliko yote uko mbele ya macho yetu sisi wa kando ya Ziwa Victoria. Neno "kivuko" lina maana mbili zilizokubaliwa: mahali pa kuvukia na chombo kinachovusha. Mtu akisema "kivukoni pana watu wengi", msikilizaji anaelewa kwamba watu wamejaa pale wanapongojea. Akisema "kivukoni mna watu wengi", anaelewa kwamba chombo chenyewe kimejaa. Akisema "kivukoni kuna watu wengi", anaelewa kwamba huko upande wa kivuko hali si shwari, bila kutajiwa ni wapi hasa. Herufi moja au mbili zinabeba habari yote hiyo. Sasa sema "kwenye kivuko kuna watu wengi", kama tunavyosema karibu sote siku hizi, kisha uulize kama ni chombo kilichojaa au ni gati. Katika ziwa ambalo MV Bukoba ilizamia mwezi Mei 1996, na MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara mwezi Septemba 2018, ningependa sana tangazo linalohusu idadi ya abiria lieleweke mara ya kwanza linaposikika.

Afya nayo inaguswa. Kichocho kimeenea katika mwambao wetu, na njia yake inafahamika: mayai ya minyoo hutoka katika kinyesi cha mgonjwa, huingia majini, hukutana na konokono, kisha viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mtu anayeoga au kufua. Tangazo likiandikwa "Usijisaidie kwenye ziwa", mtu anaweza kwa nia njema kabisa kujisaidia kwenye majani hatua chache kutoka majini, na mvua ikabeba uchafu huo hadi ndani. "Usijisaidie ziwani humo wala ufukweni mwake" ni tangazo refu zaidi kidogo, lakini halimwachii mtu nafasi ya kukisia.

Nasikitishwa zaidi na kufifia kwa "yumo" na "mna". Zamani ilikuwa kawaida kusikia kwamba funguo zipo mezani, ziko ofisini, zimo mfukoni. Leo zote "ziko kwenye": kwenye meza, kwenye ofisi, kwenye mfuko. Mtoto anayekua akisikia hivyo tu hatajua kwamba lugha yake ilimpa maneno matatu.

Naomba michango.

Mchangiaji wa kwanza (Sengerema):

Shikamoo mleta hoja, na nakushukuru kwa mfano wa kivuko, ambao sitaupinga. Hata hivyo mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ninaiona hoja hii kutoka upande wa dawati.

Kwanza, "kwenye" si neno la kuja. Limeundwa kwa kiambishi hichohicho cha ku- unachokitetea, kikaunganishwa na "-enye", kama ilivyo kwa "mtu mwenye", "kiti chenye" na "mahali penye". Wahenga waliosema "kwenye miti hakuna wajenzi" hawakuwa watangazaji wa redio. Neno lililomo katika methali kongwe kama hiyo haliwezi kuitwa uvivu wa kizazi cha leo.

Pili, "-ni" ina mipaka ambayo hukuitaja. Haiambatani na majina ya miji: hatusemi "Mwanzani" wala "Sengeremani". Haiambatani na majina ya watu, ndiyo maana tunakwenda "kwa mwalimu" na "kwa daktari". Na pale jina linapofuatwa na kivumishi au maelezo, hukwama. Nani anasema "mtumbwini mpya"? Nani anasema "sokoni la samaki"? Hapo hatuna njia isipokuwa "kwenye mtumbwi mpya" na "katika soko la samaki". Maisha ya sasa yana majina marefu ya taasisi, ya miradi na ya vyombo, kwa hiyo si ajabu kwamba "kwenye" imepata kazi nyingi.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma, mwanafunzi wangu anaandika "Niliweka kitabu kwenye meza", sentensi isiyo na kosa lolote la maana, na msahihishaji anaikata kwa wino mwekundu. Mtoto anajifunza kwamba lugha anayoisikia nyumbani ni mbovu. Kanuni hizi tulizikuta. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja, yaani lahaja ya Unguja, kilichaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji wa Kiswahili, na kamati ya kusimamia kazi hiyo ikaundwa mwaka 1930. Watu wa kanda ya ziwa hawakuulizwa wanasemaje. Mtoto wa Kisukuma anayejifunza Kiswahili kama lugha ya pili abebeshwe mzigo wa pa-ku-mu kwa faida ya nani, ikiwa anaweza kusema "ndani ya kivuko" au "pale gatini" na akaeleweka bila shaka?

Mchangiaji wa pili (Musoma):

Mimi ninaongeza kidogo tu. Tatizo langu na "kwenye" halipo katika meza na mifuko, lipo katika taarifa za ofisi. "Kwenye mwaka 2020", "kwenye saa mbili", "kwenye kuhakikisha huduma zinafika", "kwenye upande wa maji". Hapo hapana mahali wala mwelekeo. Mwaka ni wakati. "Mwaka 2020" inatosha, na "saa mbili" inatosha. Upande wa maji nao hauhitaji kitu mbele yake. Nadhani tungeanza kusafisha huko kabla ya kuwagusa watoto.

Mleta hoja:

Marahaba mwalimu wangu, na ahsante kwa kuujibu mjadala kwa hoja.

Ndugu yetu wa Musoma nakubaliana naye moja kwa moja, na sitaongeza neno.

Kuhusu methali, mwalimu ametoa ushahidi unaonisaidia mimi. Wahenga waliosema "kwenye miti hakuna wajenzi" ndio waliosema pia "penye nia pana njia" na "penye wengi pana mengi". Tazama walivyochagua. Kwenye miti ni huko, porini, popote miti ilipo, hapana mahali pamoja panapotajwa, kwa hiyo ku-. Penye wengi ni pale hasa watu walipokusanyika, kwa hiyo pa-. Wenye methali hizo hawakuwa na "kwenye" peke yake. Walikuwa na "penye" pembeni yake, na walijua lini watumie ipi. Mimi sipingi "kwenye" kuwapo. Ninapinga kubaki kwake peke yake baada ya wenzake kutoweka. Mwalimu ajaribu kuuliza darasani ni wanafunzi wangapi wanaweza kutunga sentensi yao wenyewe yenye "penye", nje ya methali walizokariri.

Kuhusu mipaka ya "-ni", yote aliyoyasema ni kweli na yanapaswa kufundishwa hivyo hivyo: miji haipokei "-ni", watu huchukua "kwa", na jina lenye kivumishi huhitaji "katika" au "kwenye". Lakini hata hapo uamuzi wa pa-, ku- na mu- haujafutwa. Tunaweza kusema "katika soko la samaki mna mizani", tukimaanisha ndani ya jengo, na "katika soko la samaki pana foleni", tukimaanisha pale. Kinachofuata baada ya jina bado kiko mikononi mwa msemaji. Vilevile tuna utajiri wa maneno kama "ufukweni mwa", "mlangoni pa", "ukingoni mwa", "mwanzoni mwa" na "mwishoni mwa", ambayo yanabeba maelezo marefu bila kukwama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Mwananchi wa Igogo au wa Kirumba anayetaka kujua kama kibanda chake kinaguswa anahitaji kuelezwa kwamba mita hizo zinaanza kupimwa "ukingoni mwa ziwa". Akiambiwa "kwenye ziwa" tu, ataanzia kupima wapi?

Nimeiacha hoja ya 1928 mwisho kwa sababu ndiyo nzito. Ni kweli kwamba usanifishaji ulisimamiwa na watu wa mbali na ziwa, na ni haki kuuliza ni nani aliyeulizwa. Lakini pa-ku-mu si kitu cha pwani kilichopandishwa reli kikaletwa huku. Kisukuma kina ha, ku na mu, nazo zinakaa mbele ya jina: mtu anasema "mu numba" akimaanisha ndani ya nyumba. Kihaya kina "omu nju" kwa maana hiyo hiyo. Ukivuka mpaka hadi Uganda, Kiganda kinasema "mu nnyumba" lakini "ku mmeeza", na hakuna Mganda atakayechanganya nyumba na meza hapo. Huu ni urithi wa lugha za Kibantu kwa jumla. Kilichofanyika katika Kiswahili ni kwamba alama iliyokuwa mbele ya jina iliacha nafasi yake kwa "-ni" inayokaa nyuma, na ule utatu ukabaki katika upatanisho: nyumbani pangu, nyumbani kwangu, nyumbani mwangu. Kwa hiyo mtoto wa Kisukuma habebeshwi mzigo wa wengine. Utatu huo anao tayari kutoka kwa mama yake, na mwalimu anayejua Kisukuma angeweza kuufundisha kwa dakika chache kwa kuanzia hapo. Nionavyo mimi, mtoto wa jijini ambaye hana lugha ya pili ya Kibantu ndiye atakayepata shida zaidi.

Tazameni pia majina ya mitaa yetu. Mkuyuni, Mabatini, Mwaloni: watu wa Mwanza wenyewe ndio waliouita mwalo wa Kirumba, yaani mahali pa kushushia samaki, "Mwaloni", na hadi leo anayekwenda kununua dagaa au sangara husema anakwenda mwaloni. Hakuna ofisi iliyomfundisha. "-ni" bado ni hai huku. Imebaki kwa wingi katika majina, huku ikipungua katika sentensi.

Kuhusu wino mwekundu, nakubali kabisa kwamba "Niliweka kitabu kwenye meza" isikatwe, kwa sababu haina kosa. Adhabu imewafanya watoto wengi waogope kuandika. Lakini kutokukata hakumaanishi kutokufundisha. Mwanafunzi apewe alama yake, kisha aulizwe: ungeisema vipi kwa njia nyingine, na kama kitabu kingekuwa mkobani, ungesema kipo, kiko au kimo? Na kuhusu "ndani ya kivuko", ni maneno mazuri, niko tayari kuyaona katika tangazo lolote. Ninachokiona lakini ni kwamba waandishi wa matangazo hawaandiki "ndani ya" wala "mna". Wanaandika "kwenye" na kuondoka, kwa sababu hakuna aliyewazoesha kujiuliza ni wapi hasa.

Pendekezo langu kwa sasa ni dogo. Vivuko, mialo, zahanati na ofisi za kata za mwambao huu zina matangazo machache yanayosomwa na watu wengi. Hayo yapitiwe kwanza, na kila "kwenye" iulizwe kama inamaanisha pale, huko au humo. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967 kwa ajili ya kazi za namna hii, linaweza kutoa mwongozo mfupi, lakini mwandishi wa tangazo la kijijini hana haja ya kuungojea.

Mwalimu wa Sengerema, naomba utusaidie kwa jambo moja ambalo sisi tulio nje ya darasa hatuwezi kulijua. Wape wanafunzi wako sentensi "Kwenye kivuko kuna mizigo", waambie waiandike upya kwa namna tatu bila kutumia "kwenye", kisha utuandikie hapa ni ipi iliyowashinda na wanaozungumza Kisukuma nyumbani wameifanyaje.