Wamemuondoa samaki mzima kwenye menyu, picha yake wameiacha ukutani. Hoteli za bustani za michezo Orlando zinatufanya mazezeta

Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi. Najua huko nyumbani mnakunywa chai, huku kwetu ni saa saba usiku. Naandika nikiwa kwenye maegesho ya kituo cha mafuta, Valdosta, Georgia. Mama watoto kalala, watoto wamelala, mdogo wangu anakoroma kiti cha nyuma. Bibi yao yuko macho ila hataki kuongea. Wasimamizi wa jukwaa, naomba msinihamishie uzi kwenye jukwaa la mapishi. Hapa hakuna mapishi, kuna utapeli uliovaa tai.

Kwa ambao hawajafika: Orlando, Florida, ndiyo kitovu cha bustani za michezo Marekani. Disney World wako pale tangu Oktoba 1971, Universal wamefungua bustani yao nyingine Mei 2025, na kuzunguka hapo kuna mahoteli chungu nzima ambako unalala, unaogelea, unapanda yale matreni ya kupinduka na unakula humo humo. Ukishaingia umefungwa kama kuku kwenye tenga. Kutoka kwenda kula nje ni gari, foleni, na jua la kule mnalijua. Wenyewe wanalielewa hilo vizuri sana.

Hoteli siitaji, na siyo ya hao wawili niliowataja, msianze kukisia.

Mama yangu ni mtu wa Chumbageni, Tanga. Mwaka jana alipokuja mara ya kwanza, wiki mbili nzima alikuwa anakula mkate na chai. Kuku wa huku anasema ana maji. Wali anasema umechemshwa na mtu mwenye haraka. Tukaenda naye Orlando kwa ajili ya wajukuu, na jioni moja tukaingia mgahawa wa ile hoteli, umepambwa kama kijiji cha wavuvi wa Karibea: nyavu darini, ngalawa ya mbao mlangoni, maboya. Mapambo ya kitalii, nikajua tumeliwa.

Wakuu, akaletwa samaki. Changu mzima, kachanjwa ubavuni, kakaangwa mpaka mapezi yanavunjika kama kaukau, juu kamwagiwa siki yenye vitunguu, karoti na pilipili mbuzi, mtindo wa Jamaica. Pembeni wali wa nazi wenye maharage mekundu, na ndizi mzuzu za kukaanga. Mama aliinusa ile sahani kwanza. Akaomba maji ya kunawa. Mhudumu hakushangaa, akaleta bakuli na limao. Alianza na kichwa, akala mashavu, akala macho, akafuata mgongo, na alipomaliza mifupa ilibaki mitupu kama kitana. Aliporudi Tanga mtaa mzima ulisimuliwa samaki wa Amerika. Sanamu la Uhuru hakulitaja hata siku moja.

Kwa hiyo mwaka huu amekuja, safari imepangwa kwa ajili ya samaki. Niseme ukweli, bustani zilikuwa kisingizio cha watoto. Nikaweka nafasi wiki sita kabla, meza ya watu saba, nikaandikisha na kadi, maana ukighairi ndani ya saa 24 wanakata dola 10 kwa kichwa. Kwenye programu yao siku hiyo menyu ilikuwa ile ile na samaki yule yule. Tukaendesha kilomita 700 kutoka Atlanta.

Jioni ya leo tunashuka, pale kwenye lifti kuna bango refu kuliko mimi. Changu mzima, mkia juu, anang'aa mafuta. Mama akamgusa mjukuu wake bega: "Huyo hapo."

Tumekaa, tukapewa karatasi moja. Moja! Ile menyu ya kurasa nne imekufa. Sasa ni bei moja kwa kichwa, mkubwa dola 58, mtoto 32, unachagua kimoja kati ya vitu vinne, upende usipende. Samaki yumo, kwa jina la kishairi sana, kitu cha "mavuno ya bahari". Nikamuuliza mhudumu, ni yule wa kwenye bango? Kijana wa Kihaiti, mpole, akatazama chini. Akasema, "Ni samaki." Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Sahani ikaja. Kubwa, nyeupe, kama usukani wa basi. Katikati kuna koliflawa iliyosagwa ikawa uji wa mgonjwa, na juu ya uji kuna mnofu wa kitu cheupe, mdogo kuliko kiberiti, umewekewa jani moja. Mama akaugeuza kwa uma. Akaugeuza tena. Akanitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, ile ya msibani: "Mwanangu, kichwa chake wamempa nani?"

Nilikosa jibu. Mdogo wangu akacheka, nikamkanyaga mguu.

Hilo peke yake ningelimeza. Sasa sikieni hili. Wali wa nazi umefutwa, badala yake kuna maharage ya mezani ya kuchangia, kwenye bakuli la chuma. Menyu imeandika maharage, basi. Mama kwa njaa akaanza na hayo. Kashakula vijiko viwili ndipo mke wangu akasema mbona yana harufu ya moshi. Tukamwita kijana, akaenda jikoni kuuliza, akarudi uso umembadilika. Kitimoto. Bekoni imesagwa humo ndani kwa ajili ya ladha. Mwaka jana hakikuwepo, na mwaka huu hakuna aliyeandika hata neno moja. Mama aliweka kijiko, akasema "Mungu anajua sikujua", akaenda kusukutua. Alikaa huko dakika ishirini. Aliporudi alikula mkate.

Tangu hapo ndiyo hajaongea.

Na msidhani ni sisi tu wa kutoka mbali. Meza ya kulia kwetu walikuwa wazee wawili wa Ohio, mume na mke, wanakuja hapo kila mwaka tarehe waliyofunga ndoa. Bibi wa watu aliulizia mkate wa nazi uliokuwa unakuja wa moto kwenye kikapu. Umeondolewa. Akaikunja ile karatasi mara nne, akaiweka kwenye pochi, akabaki kashika pochi mapajani kama mtu anayesubiri basi. Kushoto familia ya Wapuerto Rico, watu wa huko huko Orlando, wao hawakuwa na unyonge. Walipoletewa kaukau za viazi vitamu badala ya ndizi, baba mwenye nyumba alisimama na bakuli mkononi akamfuata meneja mpaka kwenye ngalawa pale mlangoni. Kihispania sikijui ila nilikielewa chote.

Kwa haki niseme, meza moja ya vijana walifurahi, walipiga picha kila sahani. Na mwanangu wa mwisho alisifia makaroni. Ana miaka minne, alisifia na barafu.

Meneja nilimwita na mimi. Kijana nadhifu, akanipa hotuba ya kukariri kwamba mpishi mkuu "ameipa sura mpya safari ya visiwa". Kaka, visiwa navijua, mimi nimezaliwa naviona kutoka dirishani. Nikamwambia habari ya maharage, akasema atalifikisha ngazi ya juu. Halafu akatoa vocha ya kitindamlo, ya kutumia safari ijayo, ndani ya siku 30. Mama anaruka tarehe 19.

Risiti hii hapa, mpige hesabu wenyewe. Wakubwa wanne 232, watoto watatu 96, jumla 328. Kodi asilimia 6.5, dola 21 na senti 32. Bakshishi ya lazima asilimia 18 kwa sababu tumezidi watu sita, dola 59 na senti 4. Jumla dola 408 na senti 36. Karibu milioni ya madafu, bibi wa watu kala mkate. Mwaka jana tulikula samaki watatu tukatoka hapo na bili isiyofika 250.

Bakshishi sikuigombania, na nimemuongezea kijana noti mkononi. Florida sheria inamruhusu mwenye mgahawa kumlipa mhudumu dola 3 na senti 2 pungufu ya kima cha chini, eti bakshishi itaziba. Kwa hiyo anayevuruga menyu yuko ofisini, anayekunjiwa sura ni yule kijana. Aliniambia kila meza inamuuliza samaki. Kila meza, kila usiku.

Sasa kuna watakaokuja kunifundisha kwamba vitu vimepanda bei. Jamani, mimi nimesimama nyuma ya jiko la hoteli Atlanta miaka sita, hiyo hadithi naijua ndani nje. Samaki mzima ni kazi. Ana magamba, ana matumbo, anataka mtu anayejua mafuta yamefika au bado. Mmoja anakalia karai dakika kumi na zaidi, karai ambalo lingetoa chipsi za meza nzima. Halafu mezani mteja anachambua miba saa nzima, wakati hesabu ya mwenye mgahawa ni meza hiyo ikaliwe mara tatu usiku mmoja. Mnofu unakuja umeganda, umeshapimwa, wote saizi moja. Kijana aliyeajiriwa Jumatatu anaupika Jumanne. Kwenye biashara hii wanapiga hesabu malighafi isizidi kama theluthi ya bei, na ukiweka bei moja kwa kichwa, hata mtoto anayekula makaroni ya senti anakulipia mnofu wa baba yake. Ndiyo maana kurasa nne zimekuwa karatasi moja. Mpishi mkuu hakuota ndoto yoyote ya visiwa.

Na sikatai, ni biashara yao. Pandisheni bei ya samaki, nitalipa au nitaondoka. Mwondoeni kabisa, semeni hayupo, nitampeleka mama kwingine. Kinachonitoa nyongo ni lile bango kwenye lifti. Samaki mmemfukuza jikoni, mkamwacha mlangoni aite watu. Nafasi mmeuza na menyu ya zamani, kadi mmeishika, mtu kaendesha kilomita 700, anakuja kukuta karatasi. Barua pepe mnazo za watu wote waliowekesha meza. Matangazo ya bwawa la kuogelea mlinitumia manne! Hilo moja la kusema "menyu imebadilika" ndilo lilikosa umeme?

Na kelele zinasaidia, msiseme hazisaidii. Mwaka 2021 mgahawa wa 'Ohana, ulioko hoteli ya Polynesian pale Disney World, ulitangaza menyu mpya bila tambi zake ambazo watu wamezizoea. Wateja walipiga kelele mitandaoni hata kabla mgahawa haujafunguliwa tena. Tambi zikarudi. Tambi hizo, siyo samaki changu.

NYONGEZA, saa nane kasoro:

Naona mmeanza. Mmoja kaniuliza kwa nini sikuangalia menyu tena asubuhi ya safari. Mkuu, ukikata tiketi ya basi la Tanga, asubuhi unapiga simu kuuliza kama bado linakwenda Tanga? Picha ya skrini ya siku niliyoweka nafasi ninayo, na nimeshawatumia hao wa hoteli.

Aliyesema tungeondoka: saa mbili usiku, watoto watatu, mzee ana njaa, na dola 70 za kughairi zinakatwa hata ukiwa umesimama mlangoni. Wewe ungeondoka, hongera.

Yule anayesema mama yangu ajifunze kula vya wenzake, nimekuachia. Ungekuwa mbele yangu ningekwambia kitu.

Waliouliza kuhusu maharage: hapana, haikuandikwa popote, nimeisoma ile karatasi mbele nyuma. Na ndugu zangu Waislamu mnaotembelea Florida, maharage ya migahawa ya Kimarekani ulizeni kabla ya kijiko cha kwanza, hata kama hakuna nyama inayoonekana. Mengi yanapikwa na nguruwe, ni mila yao tu. Mimi mpishi mzima nilisahau kuuliza, kwa sababu mwaka jana palikuwa salama. Hilo najilaumu.

Anayejua sehemu Orlando au Kissimmee wanakaanga samaki mzima, aweke hapa. Desemba nitakuwa na wageni wengine.

Bibi kaongea sasa hivi, ngoja nifunge. Ameuliza lile soko la Buford Highway, kule kwetu Atlanta, kama asubuhi tutalikuta wazi. Anataka tupite pale kabla ya kufika nyumbani. Anasema nitafute changu wawili wenye macho maangavu na pilipili mbuzi, siki aliiona kabatini.