Mjadala: Sheria iliyotupa uhuru mwaka 1961 iwekwe rasmi kwa Kiswahili?

Mtoa mada:
Wakuu, kila tarehe 9 Desemba naangalia gwaride, na sijawahi kusikia ikisomwa hati iliyotuweka huru. Wamarekani mwaka 1776 walijiandikia tamko wenyewe, kwa sauti ya "sisi". Hati yetu ni sheria ya Bunge la Uingereza, imeandikwa kwa Kiingereza, na maelezo yake ya mwanzo yanazungumzia Tanganyika kufikia hadhi ya kujiwajibikia kikamilifu ndani ya Jumuiya ya Madola. Watu waliojaa Mnazi Mmoja kwenye mikutano ya TANU hawakupiga kelele za "hadhi". Walisema Uhuru!

Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu. Basi na hii itolewe nakala rasmi ya Kiswahili, wanafunzi waisome.

Mchangiaji, Temeke:
Napinga mkuu. Hiyo ni karatasi ya mkoloni akiaga. Baada yake Malkia alibaki mkuu wa nchi yetu, na Gavana Turnbull akawa Gavana Mkuu, hadi tulipokuwa Jamhuri tarehe 9 Desemba 1962. Utawasomea nini watoto hapo? Wasomee Azimio la Arusha, 1967. Imani ya TANU iliyo mwanzoni mwake inaanza kwa kusema binadamu wote ni sawa, kwa Kiswahili chetu. Hapo hakuna mkalimani.

Mchangiaji, Kinondoni:
Kaka wa Temeke, kwani Azimio linazuia nini? Watoto wasome yote mawili. Hofu yangu ni watafsiri kulainisha, Malkia apotee katikati ya sentensi.

Mtoa mada:
Asante dada, wala asipotee. Aandikwe kama alivyo, mtoto aone kwamba mwaka mzima tulikuwa huru huku mkuu wa nchi akiwa London. Sisi wenyewe tunasema "tulipata uhuru", na "kupata" hakumtaji aliyetoa wala aliyedai. Ukiisoma hati ndiyo unauliza.

Ndugu wa Temeke, kuhusu mkalimani: Oktoba 1959 Nyerere aliliambia Baraza la Kutunga Sheria, kwa Kiingereza, kwamba watu wa Tanganyika wangependa kuwasha mshumaa na kuuweka juu ya Kilimanjaro, uangaze nje ya mipaka, ulete tumaini palipo na kukata tamaa. Ndiyo, mshumaa. Kwa Kiswahili ukawa mwenge, na ni mwenge ambao Alexander Nyirenda aliupandisha kileleni usiku wa uhuru. Nani leo anaukumbuka mshumaa? Maneno yalivuka lugha yakawa yetu kuliko yalivyokuwa mwanzo. Tafsiri hiyo hainitii aibu hata kidogo.

Mchangiaji, Temeke:
La mwenge nakubali, ila lile lilikuwa wazo letu tangu mwanzo. Sheria ya London haijawahi kuwa yetu. Kama ni lazima itafsiriwe, juu kabisa iandikwe kwa herufi kubwa ni Bunge gani liliitunga.

Mtoa mada:
Hilo naliunga mkono, liwe mstari wa kwanza.