Tupeane uzoefu: nusu kaputi ya kuvuta kwa maski, kwako ama kwa mtoto wako ilikuwaje?

Mama Tabby, Nakuru
Wapendwa habari. Wiki iliyopita kijana wangu wa miaka 4 ametolewa adenoidi, ile nyama inaota nyuma ya pua, alikuwa anakoroma usiku hadi pumzi inakatika halafu anashtuka. Operesheni sikuiogopa, nusu kaputi ndiyo ilininyima usingizi. Hata hilo jina, nusu kaputi, ni kama wanakuambia mtoto atakufa nusu.

Niliruhusiwa kuingia thieta nikiwa nimempakata. Sindano hakudungwa akiwa macho, waliweka tu maski wakamwambia apulize kama baluni, akasema "mami inanuka kama rangi ya kucha", akapuliza mara tatu nne, macho yakageuka juu, akarusharusha mikono kidogo halafu akalegea, mzito kama gunia. Nililia hapo hapo nesi akanitoa nje.

Wazazi, ile ya kutokula msicheze nayo. Mara ya kwanza tulirudishwa, shosho alimhurumia akampa chai ya maziwa na mandazi saa kumi na moja asubuhi. Nilitaka kunyamaza jamani, hiyo tarehe tuliingoja miezi mitatu, lakini nikasema. Daktari akaniambia mtu akilala vile hawezi kukohoa, chakula kikirudi kinaingia kwa mapafu. Chakula ni masaa 6 kabla, maziwa ya mama 4, maji matupu 2.

Na nyinyi je?

Jamaa wa Kondele
Mimi ni hernia hapa Kisumu mwaka jana. Walinilaza na sindano ya mshipa kwanza, gesi ndiyo ikanishikilia huko mpaka wamalize. Nikashtukia niko wodi, koo inawasha juu ya ule mpira wa kupumulia walipitisha, natetemeka baridi hadi kitanda kinagonga ukuta, nikatapika mara mbili. Hakuna mtu alikuwa ameniambia hizo vitu hutokea, nilidhani nakufa. Tafadhali mkienda ulizeni mapema.

Kliniko wa Kakamega
Hii ya kulaza watu ndiyo kazi yangu basi niongezee. Hizo dawa, halotheni, isofluraini, sevofluraini, huja zikiwa maji ndani ya chupa, mashine inazigeuza mvuke unauvuta pamoja na oksijeni, unapita mapafu, damu, hadi ubongo. Mvuke ukifungwa unatoka tu na pumzi yako, ndio maana mtu huamka. Kufa nusu hakuna. Tangu Morton aonyeshe watu etha kule Boston 1846 dawa zimebadilika sana, lakini njia ni ile ile ya pumzi. Mwenye kukulaza hatoki hapo kichwani mwako, anaangalia oksijeni, moyo na presha mpaka mwisho. Mtoto akiwa na homa na kikohozi pia semeni, njia ya hewa inaweza kujifunga ghafla.

Nafula, Bungoma
Watoto wangu wote nilipata kwa sindano ya ganzi ya mgongo so gesi sijaionja. Lakini ndugu yangu akiwa thieta joto lilipanda vibaya misuli ikakakamaa, alikaa ICU siku nne. Tangu hiyo siku kwetu kila mtu akilazwa anasema hiyo kabla ya kitu kingine.

Kliniko wa Kakamega
@Nafula mnafanya vizuri sana, hiyo ya mwili kupandisha joto hivyo juu ya gesi hurithiwa. Ni nadra lakini inaua. Tukijua mapema tunaacha gesi kabisa tunatumia dawa za mshipa.

Mama Tabby, Nakuru
Na kliniko, wangu aliamka akipiga kelele ananisukuma kama hanijui, karibu dakika ishirini. Hiyo nayo?

Kliniko wa Kakamega
Hutokea sana kwa wadogo, haswa na sevofluraini. Huisha yenyewe, unamshika tu asianguke asing'oe sindano.

Mama Tabby, Nakuru
Asante, Mungu akubariki. Jana amelala kimya hakoromi hata kidogo, nimeamka mara tatu kuweka mkono kwa kifua chake.